Elfu Ishirini na Saba, Mia Saba na Ishirini

Baba yangu hakuweza kuona namba akaiacha ipite salama. Wapo wanaume wenye udhaifu wa pombe na wapo wenye udhaifu wa wanawake. Yeye alikuwa mwalimu wa hesabu pale Jinja, na udhaifu wake ulikuwa kugawanya. Namba ya mlango wa jirani, namba ya basi, namba iliyopigwa chini ya soli ya kiatu, zote alizigawanya kimoyomoyo, na mara nyingi wala si kimoyomoyo. Namba iliyogawanyika kwa namba nyingi aliisifu kuwa ina moyo mzuri. Ile iliyogawanyika kwa moja na kwa yenyewe tu aliiita bahili, akanuna nusu saa kama vile imemtukana.

Tabia hiyo nusura ituue. Vita ya sabini na tisa ilipoanza kusogea upande wetu, tulipakiwa juu ya lori la mizigo, sisi na magodoro na cherehani ya Mama na mbuzi ambaye mpaka leo sijui alikuwa wa nani, tukashika njia ya Mbale. Karibu na Busiu tukakuta kizuizi. Mbele yetu lilisimama lori la jeshi, na nyuma yake namba imeandikwa kwa rangi nyeupe, kubwa, safi. Nilimwona Baba akiitazama. Nikamfinya. Haikusaidia.

"Inaingia saba," akasema kwa sauti. "Na kumi na moja! Subhanallah."

Askari akageuka. "Wewe mzee. Unahesabu gari ya jeshi?"

"Hapana, afande. Sihesabu. Nagawanya."

"Unagawanya jeshi?"

Nadhani Baba ndiye mtu pekee katika vita ile aliyeelekezewa bunduki akaanza kueleza kanuni ya kumi na moja. Alikuwa amefika kwenye kujumlisha tarakimu kwa kuruka moja moja, Mama akamkatiza. "Afande, samehe sisi. Huyu mgonjwa. Ilimuanza kwa namba ya viatu." Askari akaangalia viatu vya Baba, akaangalia uso wake, akatupungia mkono tupite. Kuanzia pale hadi Mbale mjini Baba alinuna. Bunduki alikwishaisahau. Kilichomuuma ni kuitwa mgonjwa.

"Ungesema tu mimi ni mwalimu," alimwambia Mama tulipokuwa tunashusha magodoro.

"Si ndivyo nilivyosema?" Mama akajibu.

Tulipanga vyumba viwili mtaa wa Namakwekwe, tukangoja vita ipite. Ilipopita, mji ulibaki kama nyumba iliyohamwa haraka. Shule ya mtaa ilikuwa imeng'olewa mabati, milango, madirisha, na hatimaye hata matofali ya kuta, kwa kuwa mtu akishabeba bati kichwani haoni ubaya wa kurudi kuchukua ukuta. Watoto walizurura mtaani wakicheza na maganda ya risasi. Baba hakuvumilia. Aliwaita wazazi wa jirani nyuma ya bucha, wakakubaliana kujenga vyumba viwili vya darasa kwa mikono yao. Udongo ulikuwepo bondeni, maji ya kijito yalikuwepo. Sharti lilikuwa moja: kila nyumba itafyatua matofali sawa na nyingine, na nyumba iliyofyatua, mtoto wake anaingia darasani.

Mwenyekiti alichaguliwa mwenye bucha, kwa sababu kikao kilikuwa kwake na kwa sababu ya kisu. Alikuwa Mgisu, mwenyeji wa Mbale, Mwislamu, mwili mkubwa, kicheko kikubwa, ambaye katika maneno yake l na r zilibadilishana viti kadiri zilivyopenda. Fundi akaulizwa matofali mangapi yanahitajika. Akatazama juu, akatazama chini, akasema, "Kama elfu ishirini na saba hivi. Na kidogo."

Baba akasimama. Nilikuwepo, na nilijua ile sura: ndiyo sura aliyokuwa nayo Busiu.

"Elfu ishirini na saba, mia saba na ishirini," akasema.

"Mwarimu, kwa nini si elfu ishirini na nane?" mwenyekiti akauliza. "Hiyo mingi lakini ni lahisi kukumbuka."

Baba akaeleza, na safari hii hakukuwa na bunduki ya kumkatiza. Siku zile watu walikuwa wanarudi mmoja mmoja kutoka walikojificha, na wengine wanaondoka. Leo nyumba tano, kesho nane, mtondogoo kumi. Tukichukua namba yoyote tu, kila atakapokuja mtu kutakuwa na vipande, na penye vipande pana ugomvi. Lakini namba hii inagawanyika kwa mbili, kwa tatu, kwa nne, kwa tano, na kuendelea hadi kumi na mbili, bila kubakiza hata moja, na hakuna namba ndogo kuliko hiyo inayoweza. "Hii namba haikatai mtu," alisema. "Waje wangapi, itawapokea." Watu walipiga makofi. Na mimi nilipiga makofi. Ilikuwa miaka tuliyozoea kukataliwa kila mahali, na hii hapa namba yenye milango kumi na miwili.

Tulianza nyumba tano, matofali 5,544 kila nyumba. Zilipofika saba yakawa 3,960. Zilipofika tisa, 3,080. Kila nyumba mpya ilipojiunga Baba alisimama kwenye ngazi ya bucha akatangaza fungu jipya kwa sauti ya msomaji wa habari wa redio, na watu wakashangilia maana kazi ilipungua. Naomba ifahamike kwamba fungu la nyumba yetu nilikuwa nalifyatua mimi. Baba alikuwa na mgongo. Ulikuwa mgongo wa ajabu: ulimruhusu kusimama kutwa akieleza, kuinama kuchora tarakimu mchangani, hata kucheza bao; ulimuuma tu alipoona tope.

Sifa za namba zikapita kiasi. Jirani mmoja, Mwislamu mcha Mungu aliyeuza kanzu sokoni, alikuja mbio siku moja na kusema ameigawanya kwa tisini na tisa, idadi ya majina ya Mwenyezi Mungu, na imeingia mara mia mbili themanini, kamili! Akaigawanya kwa thelathini, kwa ajili ya juzuu za Kurani. Ikaingia. Jioni ile ile jirani Mprotestanti akaijaribu kwa sitini na sita, idadi ya vitabu vya Biblia yake, ikaingia mara mia nne ishirini. Wote wawili wakaanza kuitazama ile namba kama ndugu wa damu. Tatizo lilikuwa mama mmoja Mkatoliki, ambaye Biblia yake ina vitabu sabini na vitatu. Haikuingia. Alifyatua siku mbili nzima bila kusalimia mtu. Ikabidi Baba amfuate bondeni, mgongo na vyote, kumweleza kwamba vituo vya Njia ya Msalaba ni kumi na vinne, na kumi na nne inaingia vizuri sana, mara 1,980. Mama yule alifuta mikono, akafikiri, akasema, "Basi. Lakini ningependa Biblia."

Tulipofika nyumba kumi na mbili, fungu lilikuwa 2,310, na hakuna aliyekuwa amefika nusu ya fungu lake. Ndipo alipokuja mwanamke wa nyumba ya kumi na tatu.

Alikuwa amepanga chumba kimoja nyuma ya kituo cha magari, yeye na binti wa miaka kama minane. Alitoka Jinja kama sisi, lakini upande wa Kimaka, kwenye nyumba za wanajeshi. Mumewe alikuwa askari wa jeshi lile lililoshindwa, na tangu vita hakuonekana. Kila mtu mtaani alijua. Akifungua mdomo tu ulijua, kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini, kifupi, kinachotembea kwa mwendo wa gwaride, na watu wa Mbale walikuwa wamesikia Kiswahili hicho kwenye vizuizi kwa miaka minane. Alisimama mbele ya kikao na mtoto akiwa amemshika sketi, akasema, "Mimi nataka kutengeneza tofali. Mtoto yangu asome."

Sikuwepo kwenye kikao hicho. Nilikuwa bondeni, nafyatua fungu la mwenye mgongo. Nilisimuliwa na Mama. Mwenyekiti akakohoa, akasema kwa upole ambao hakuwa nao siku zote, "Mama, si sisi. Sisi hatuna roho mbaya. Ni namba. Namba iriishia kumi na mbiri. Uriza Mwarimu."

Watu wote wakamgeukia Baba. Na Baba, Mungu amrehemu, akaulizwa swali la hesabu, akatoa jibu la hesabu. "Kumi na tatu haiingii," alisema.

Mwanamke akashukuru, akaondoka.

Nilipofika nyumbani na kusikia hayo niliwaka. Sikuvua hata gamboti. "Ongeza matofali tisa," nilimwambia Baba. "Yawe 27,729. Kumi na tatu inaingia."

"Na kumi na mbili inatoka!" akasema. "Na kumi inatoka, na nane, na tano. Umeitazama namba hiyo? Haina kitu. Umeiua."

"Lakini nyumba ni kumi na tatu, Baba."

"Leo," akasema.

Hakula vizuri siku mbili zilizofuata. Nilidhani ni kiburi, na kiburi kilikuwepo, lakini pia alikuwa anaumia kweli. Alikuwa amewaambia watu namba yake haikatai mtu, na sasa ilikuwa imekataa, kwa mdomo wake mwenyewe, mtoto aliyemshika mama yake sketi. Siku ya tatu, baada ya sala ya asubuhi, alitoka chumbani uso unang'aa, akaagiza kikao kiitwe, na mwanamke wa Kimaka aletwe. Nami nikaenda, na safari hii sikubaki bondeni kufyatua.

"Nimeipata," Baba akatangaza pale kwenye ngazi. "Namba inayopokea kumi na tatu. Na si kumi na tatu tu! Kumi na nne, na kumi na tano pia. Haitakataa mtu tena."

"Arhamdurirahi," mwenyekiti akasema, ingawa bila furaha. "Ni ngapi?"

"Laki tatu, elfu sitini, mia tatu na sitini."

Fundi alikuwa anakunywa chai. Ikamtoka puani.

"Na fungu ra kira nyumba?" mwenyekiti akauliza polepole.

Baba alikuwa hajafika huko. Akapiga hesabu kichwani, midomo ikicheza, na nikaona ule mng'ao ukimtoka usoni kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. "Elfu ishirini na saba," akasema kwa sauti ndogo, "mia saba na ishirini."

"Yaani kira mtu ajenge shure yake!"

Kicheko kilichopasuka pale kiliwatoa nje watu wote waliokuwa buchani. Mama Mkatoliki alilia kwa kucheka. Hata mimi nilicheka, kwa hasira lakini nilicheka. Mwanamke wa Kimaka hakucheka. Alikuwa amesimama pembeni na binti yake, wamevaa vizuri, kwa kuwa walikuwa wameambiwa namba imepatikana. Nikamwona mtoto akimtazama mama yake ajue kama wakati wa kucheka ni huu. Hapo hasira ikanishinda.

"Nyamazeni!" nikapiga kelele, na msichana hapigi kelele kwenye kikao cha wazee, kwa hiyo walinyamaza. "Ile ile ya kwanza, mkiigawa kwa kumi na tatu, kila nyumba inafyatua 2,132. Mmesikia? Sasa hivi mnafyatua 2,310. Akiingia huyu mama, kila mmoja wenu anapunguziwa matofali 178. Mnamfukuza mtu aliyekuja kuwapunguzia tope. Yanabaki manne. Manne tu! Ndiyo namba iliyokataa?"

Muuza kanzu akasema, kwa haki kabisa, "Na hayo manne atafyatua nani?"

Hapo ndipo kikao kilipoharibika. Huyu akasema sharti ni sawa kwa sawa, akifyatua hata moja la ziada basi si sawa. Yule akasema Mwalimu ndiye aliyeleta namba, ayafyatue Mwalimu. Baba akagusa mgongo. Mprotestanti akapendekeza kila tofali likatwe vipande kumi na vitatu, na nadhani hakuwa anatania. Watu wazima walizozana juu ya matofali manne, katika mji ambao haukuwa na mlango mmoja mzima wa shule.

"Mimi natengeneza," akasema yule mwanamke. Hakupaza sauti. "Ile ine yote, mimi natengeneza. Halafu na fungu yangu."

Hakukuwa na namba tena ya kujificha nyuma yake. Watu walitazama chini. Mwenyekiti ndiye aliyebaki amesimama, na jasho linamtoka kwenye paji la uso, na alipoongea hakukuwa na upole wowote.

"Si namba," alisema. "Basi niseme. Si namba. Watu wa bwana yako walichukua ndugu yangu hapa hapa, mbere ya hii bucha. Mpaka reo sijaona mwiri."

Mwanamke akamtazama. "Bwana yangu pia walichukua," akasema. "Hao hao. Yeye alikataa kwenda kazi moja ya usiku. Walikuja nyumbani kwa kambi, wakachukua, mtoto anaona. Mimi pia sijaona mwili."

Nakumbuka niliona aibu ya kuwa hai. Baba akashuka kwenye ngazi ile aliyoipenda, akasimama chini pamoja na watu wengine. "Namba haijakataa mtu," alisema. "Namba haina mdomo. Mdomo ulikuwa wangu." Mwenyekiti hakusamehe, sitaki kumtia maneno ambayo hakuyasema. Alipangusa jasho na kusema, "Afyatue. Rakini mbari na shimo rangu ra udongo," akaingia ndani kukata nyama.

Basi mwanamke akafyatua mbali, mwisho kabisa wa bonde, yeye na binti yake, miezi miwili ya kiangazi. Manne yale hakuyafyatua, kwa sababu Baba alikataa. Alisema baki ni la mwenye namba. Siku moja akakunja suruali akaingia topeni mwenyewe, mbele ya mtaa mzima uliokuja kushuhudia mgongo. Alitoa matofali manne ambayo sijaona mfano wake. Moja lilikuwa na umbo la mkate. Mama alikuja kutoka mjini kwa miguu ili ayaone.

Yalipokauka tukayapanga tanuri moja kubwa, tukakandika udongo, tukawasha kuni. Hesabu yake ilikuwa kamili, maana Baba aliyapitia safu kwa safu: elfu ishirini na saba, mia saba na ishirini. Tuliliacha lipoe siku kadhaa, kisha asubuhi moja nyumba zote kumi na tatu tukaja kulifungua.

Hakuna kati yetu aliyewahi kuchoma tanuri, isipokuwa fundi, na fundi hakuwa ameulizwa. Safu ya chini, karibu na midomo ya moto, ilikuwa imeyeyuka na kugandana. Safu za pembeni hazikuiva, zilimeguka mkononi kama keki. Katikati yalikuwepo mazuri, mekundu, yanalia kama kengele ukiyagonga. Lakini tulipokuwa tunatoa, rundo la yaliyovunjika liliendelea kukua na kukua pembeni, likapita magoti, likapita kiuno. Baba alikuwa akigeuza vipande mkononi. Namba yake ilikuwa imekufa, na wala si kwa kuongezewa tisa.

"Yanatosha?" nikamuuliza fundi.

"Yanatosha," akasema. "Tutapanua madirisha. Siku zote yanavunjika. Ndiyo maana nilisema 'hivi'." Alionekana kushangaa kwamba jambo hilo lilihitaji kuelezwa.

Hakuna aliyegomba. Hakuna aliyeuliza yaliyovunjika yalikuwa ya nani, au nani ayafidie, au kama ni sawa kwa sawa. Walipangusa mikono, wakaanza kubeba mazima.

Mwenyekiti peke yake hakubeba. Alikuwa amesimama mbele ya lile rundo.

"Mwanangu," akaniita, kwa kuwa tangu siku ile ya kelele alikuwa ananiogopa kidogo. "Hapa yamevunjika mangapi?"

"Sijahesabu, mzee."

"Yanapita manne?"

Nilimtazama nione kama ananicheka. Hakuwa anacheka. "Yanapita manne," nikasema.

Akatikisa kichwa, akaendelea kuangalia. Binti wa mwanamke wa Kimaka alikuwa amepanda juu ya rundo, pekupeku, anaokota vipande vyekundu vya kuchezea. Mama yake alikuwa mbali na tofali kichwani, hakumwona. Mwenyekiti alimwona. Akavua ndala zake, ndala za mtu mzima, kubwa kama vibao vya kukatia nyama, akazitupa juu ya vipande pale miguuni pa mtoto.

"Vaa," alimwambia. "Utajikata. Kuta zikisimama, unaanza shure."